Kwa unayeanza kusoma ukuaji wa uso na fuvu

Wengi wakianza embriolojia ya kichwa, yaani elimu ya jinsi kiinitete kinavyokua, hukimbilia kukariri majina ya protini ambazo seli hutumia kupeana ishara: SHH, FGF8, BMP4, kila moja na kazi yake. Mtihani wanaupita, ila wakiletewa mtoto ambaye fuvu limefunga mapema hawajui waanzie wapi. Mimi nakushauri kila ukikutana na jina la ishara uulize inatoka kwa nani, inapokelewa na nani, lini, na kwa kiasi gani. Jina peke yake halikusaidii, maana SHH hiyohiyo inayopanga uso ndiyo inayopanga vidole.

Kwanza zijue seli zenyewe. Karibu mifupa yote ya uso hutokana na seli zinazochomoka kwenye kingo za mrija wa neva (chanzo cha ubongo na uti wa mgongo) na kuhamia mbele ya kichwa. Huko hujaza vichomozo vitano vinavyozunguka mdomo wa awali: kimoja cha paji na pua, viwili vya taya ya juu na viwili vya taya ya chini. Juu yake kuna tabaka la ngozi changa, na mazungumzo kati ya ngozi hiyo na seli zilizohamia ndiyo yanayotengeneza sura.

Kaa sana na kiinitete cha kuku. Kwenye ngozi ya kichomozo cha paji na pua kuna mpaka ambapo seli zinazotoa FGF8 hukutana na zinazotoa SHH. Mwaka 2003 watafiti walikata kipande chenye mpaka huo wakakipandikiza sehemu nyingine ya uso, na hapo ikaota ncha ya mdomo ya ziada. Ukiishia hapo utasema ngozi ndiyo inayoamua kila kitu. Mwaka huohuo, watafiti waliwapandikizia viinitete vya bata seli za kingo za neva za kware, na bata wakaota mdomo wa kware! Ngozi inaelekeza pa kuota. Seli zinazoipokea ishara zimekuja na umbo la ukoo wao. Soma majaribio hayo mawili kwa pamoja, kwani moja bila jingine linapotosha.

Kuhusu wakati, wakumbuke kondoo wa Idaho, Marekani. Waliokula mmea wa Veratrum californicum siku ya 14 ya mimba walizaa wana wenye jicho moja. Mmea huo una siklopamini, inayozuia seli zisiitikie SHH. Kwa kuwa wakati wenyewe ndio unaoamua, ukiwa maabara pima umri wa kifaranga kwa hatua za Hamburger na Hamilton za mwaka 1951, zinazotazama umbo la kiinitete, usitegemee saa za kwenye kitotoleshi. Mayai ya trei moja hayaendi sawa.

Kuna na kosa la upande wa mpokeaji. Katika ugonjwa wa Apert, ishara za jamii ya FGF hazijazidi. Kipokezi FGFR2, yaani protini ya seli inayoinasa ishara hiyo, kimebadilika asidi amino moja tu, mara nyingi ile ya 252, kikawa kinaing'ang'ania FGF kupita kiasi. Seli za mshono wa korona, unaotenganisha mfupa wa paji na mifupa ya nyuma yake, zinageuka mfupa kabla ya wakati, na fuvu linakosa nafasi ya kupanuka pamoja na ubongo.

Ukienda wodini, angalia hesabu ya wiki. Vitabu vya embriolojia huhesabu tangu utungisho, kliniki huhesabu tangu hedhi ya mwisho, na tofauti ni kama wiki mbili. Mdomo wa juu huungana wiki ya 6 hadi ya 7 ya vitabu, yaani ya 8 hadi ya 9 kwenye kadi ya mama. Kaakaa huchelewa zaidi, hadi karibu wiki ya 12 ya vitabu. Kwa hiyo mama akikuuliza kama dawa aliyomeza wiki ya 12 ya kadi yake ndiyo iliyompasua mtoto mdomo, mweleze waziwazi kwamba kufikia siku hiyo mdomo ulikuwa umeshaungana, au umeshindwa kuungana, wiki kadhaa nyuma.