Majalada Mawili

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limekaa hivi: "Riwaya nyepesi ya mapenzi ina utamu gani, ilhali msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wale wawili watapatana?" Nimelisoma mara mbili. Mara ya pili nikaona kwamba aliyeliuliza ana jibu lake mfukoni, na jibu lenyewe halitusifu sisi wasomaji. Basi nivumilieni, nitajibu kwa kirefu.

Mimi ni karani wa mahakama. Huu ni mwaka wa 14 nikiwa kwenye masjala ya mashauri ya ndoa: talaka, matunzo ya watoto, mgawanyo wa mali. Napokea hati, nagonga mihuri, napanga vielelezo, nachapa mienendo. Ikifika jioni ninakuwa nimeandika neno "mdaiwa" mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe, na kila mdaiwa huyo aliwahi kuwa kipenzi cha mtu. Nikirudi nyumbani, nikishaoga, nachukua kitabu. Jalada langu la mchana ni la kahawia na lina namba. La usiku ni la waridi, na aghalabu limechorwa watu wawili waliopeana mgongo huku wakitazamana kwa pembe ya jicho.

Wenzangu ofisini walipogundua, walicheka. Mwanamume mzima, ndevu zina mvi, anasoma vitabu vya mahaba! Mmoja alicheka hadi ikabidi atoke nje. Huyo nitamrudia.

Tuanze na mwisho, maana ndio unaowakera watu. Ni kweli tunaujua. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoundwa 1980, kiliifafanua riwaya ya aina hii kwa mambo mawili tu: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini cha kitabu, na mwisho uwe wa kuridhisha moyo na wenye matumaini. Mimi ni mtu wa mikataba, nami naiona hiyo kama mkataba. Mwandishi ananiahidi kwamba hata akinipitisha kwenye miiba, hataniacha humo. Kwa ahadi hiyo nakubali kupita popote atakapo. Riwaya isiyoniahidi kitu huwa naisoma nikiwa nimekaza mabega, kama mtu anayesubiri hukumu.

Na mbona msomaji wa riwaya za upelelezi haulizwi swali hili? Naye anajua kwamba muuaji atafichuliwa sura ya mwisho, na hakuna anayemwambia anapoteza muda wake. Mtoto anayesimuliwa hadithi ile ile kwa mara ya ishirini anajua kwamba wataishi raha mustarehe. Jaribu kuruka kipande cha katikati, uone atakavyokukemea.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Janice Radway, alitoa kitabu baada ya kufanya jambo ambalo wahakiki wengi hawakuwa na subira nalo: kuwauliza wasomaji wenyewe. Aliketi na kundi la wanawake waliokuwa wakishauriwa na muuza vitabu mmoja ni riwaya zipi za mapenzi zilizo nzuri. Wengine waliungama kwamba hufungua ukurasa wa mwisho wa kitabu kwanza, wahakikishe mambo yataisha vyema, ndipo waanze. Ila kilichonigusa ni kingine. Alipowauliza kuhusu vitabu, wao walimweleza kuhusu kule kusoma kwenyewe: kwamba kufungua kitabu ni kuwaambia wa nyumbani, kwa saa hii niacheni, sipo zamu. Nami nilipolisoma hilo nikasema kumbe. Saa yangu ya usiku ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu anayenikabidhi ugomvi wake niupe namba.

Sasa, kama mwisho umeshajulikana, msomaji anafuata nini? Anafuata kikwazo. Hapa ndipo penye nyama yote, na hapa ndipo riwaya ya siku hizi ilipo na kazi ngumu kuliko zote zilizoitangulia.

Mwaka 2003 Pamela Regis, naye Mmarekani, alizichambua riwaya za mapenzi akasema zina viungo vinane visivyokosekana. Kimojawapo ni kikwazo, kingine ni ile nukta ambapo penzi linaonekana limekufa kabisa, kana kwamba limeshazikwa. Zamani vikwazo vilikuwa tele, mwandishi anajichumia tu. Mwaka 316 kabla ya Kristo, Menander wa Athens alipata tuzo kwa mchezo wa kuchekesha ambamo kijana tajiri anampenda binti wa mzee mkali asiyetaka kuona sura ya binadamu. Kikwazo ni mzee. Mzee anatumbukia kisimani, anaokolewa, analegea, watu wanaoana. Kwa karne nyingi baadaye mambo yalikuwa hayo hayo: baba mkali, tabaka, mahari, barua iliyopotea njiani, meli iliyochelewa.

Riwaya ya leo imenyang'anywa vyote hivyo. Wahusika ni watu wazima, wana kazi zao, hawamwombi mtu ruhusa. Barua haipotei, simu imo mfukoni. Msomaji akiuliza "sasa si wapigiane simu tu?", riwaya imekufa. Kwa hiyo mwandishi hana budi kukitoa kikwazo nje ya nyumba na kukiweka kifuani: woga, kiburi, jeraha la zamani, mazoea ya kujitegemea hadi mtu akasahau namna ya kupokea msaada. Jane Austen, mwandishi wa Uingereza, aliiona njia hii mapema. Mwaka 1813, katika Pride and Prejudice, alimleta Bwana Darcy na posa yake katikati ya kitabu, Elizabeth Bennet akaikataa papo hapo. Hakuna mzazi aliyewazuia. Walijizuia wenyewe, na nusu nzima ya kitabu iliyobaki ni wao kujirekebisha.

Niruhusuni nibuni mfano, nisije nikamsimulia mtu kitabu ambacho hajakisoma. Kuna fundi wa lifti, mwanamke, kaja kutengeneza lifti ya jengo refu. Kwenye ghorofa ya tisa anaishi mwanamume ambaye haijawahi kumsumbua kwamba lifti imeharibika, maana hapandi lifti. Anaogopa, na amefanya siri. Anawaambia majirani kuwa ni mazoezi. Fundi anamwona kila asubuhi akishuka ghorofa tisa na mfuko wa taka, jasho linamtoka, anamsalimia kwa heshima huku akihema. Wanataniana. Yeye anamwambia mwanamume kwamba amemharibia takwimu za kazi, mteja asiyetaka huduma. Wiki ya tatu lifti inapona. Na kesho yake fundi, mwenye ufunguo wa lifti kiunoni, anapanda kwa ngazi.

Hapo mwandishi mzuri hasemi kitu. Haandiki kwamba moyo wake ulidunda. Anamwacha apande, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akilaani magoti yake. Mimi msomaji nimeshaanza kutabasamu kama punguani, na najua wataoana, nilijua tangu ile mifuko ya taka. Sikujua tu kwamba itakuwa kwa ngazi.

Huo ndio utamu mnaouulizia.

Kitu kingine kinachodharauliwa ni utani. Watu husema "nyepesi" kana kwamba wepesi huja wenyewe, kama povu. Jaribu kuandika ukurasa mmoja wa watu wawili wakijibizana kwa namna ya kuchekesha, uone jasho. Beatrice na Benedick, wapenzi katika mchezo wa Shakespeare uitwao Much Ado About Nothing, wanarushiana maneno tangu walipoonana, mmoja akitupa mwingine anadaka, na ukiwatazama tu utadhani wanachukiana. Lakini sikiliza vizuri: hakuna wengine wanaosikilizana kama wao. Huwezi kulijibu kwa kejeli neno ambalo hukulisikia. Anayekutania vizuri ameshakusoma, anajua wapi ukiguswa utacheka na wapi utaumia, na kwa makusudi anapita karibu na pale pa kuumia bila kupakanyaga. Majibizano ya namna hiyo kwangu ni ushahidi wa mapenzi kuliko kurasa kumi za kubusiana.

Na hapa nitawaambia jambo la kazini, bila kumgusa mtu yeyote. Hati ya madai ina lugha yake: ukatili, uzinzi, kutelekezwa. Mambo hayo yapo, na mengine yanatisha, sitaki kuyafanyia mzaha. Lakini mtu akisimama kizimbani akaanza kusema kwa maneno yake mwenyewe, mara nyingi haanzi na lile kubwa. Anaanza na dogo. Kwamba alikuwa anarudi nyumbani haulizwi ameshindaje. Kwamba alibadilisha kazi, mwenzake akaja kujua baada ya miezi. Wakili humkatiza, amrudishe kwenye hoja, na mimi nachapa hoja. Tena hao watu hawajibizani tena. Kila mmoja anamjibu mwenzake kupitia kwa wakili, kwa aya zenye namba. "Mdaiwa anakanusha aya ya 4." Unafika nyumbani baada ya siku nzima ya hayo, unafungua kitabu, unakuta mtu anakumbuka kwamba mwenzake huogopa radi, hivyo wingu likitanda anatafuta kisingizio cha kumpigia simu na kumpigisha soga kuhusu kitu cha kipuuzi kabisa hadi mvua ikatike. Mnaniambia nasoma upuuzi?

Sitetei zote. Zipo mbovu, na aliyesoma nyingi ndiye mwenye haki ya kuzisema. Siwezi tena na bwana tajiri mwenye kufoka ambaye ubabe wake tunaambiwa ni mapenzi yaliyojificha. Masjala yangu inawajua hao, na hawabadiliki sura ya 28. Siwezi na binti ambaye kasoro yake pekee ni kujikwaa. Nimechoshwa na ule ugomvi wa robo ya mwisho unaoletwa kwa sababu tu kurasa hazijatosha: amemwona na mwanamke mwingine, akakimbia, kumbe ni dada yake. Kile chumba cha hoteli chenye kitanda kimoja, ambacho wawili hao hulazimika kukigawana, nakisamehe. Najua ni hila, mwandishi anajua kuwa najua, nami kila mara nakaa vizuri kwenye kiti nione huyu wa safari hii ataifanyaje.

Tena siku hizi jalada la katuni linaweza kukudanganya. Unadhani umechukua kicheko, ukurasa wa hamsini unakuta msiba wa mzazi na mtu asiyeweza kutoka kitandani. Baadhi ya wasomaji hulalamika kwamba wametapeliwa. Mimi hapana. Wepesi ulio na kitu kizito chini yake ndio ninaoupenda zaidi, alimradi mkataba wetu usivunjwe.

Kuhusu dharau yenyewe, nina neno moja. Katika Kiswahili wataalamu wetu wametenga riwaya dhati, zile nzito, upande mmoja na riwaya pendwa, zile za kuburudisha, upande mwingine. Sina ugomvi na istilahi, ila kila nikiziona zimewekwa hivyo najiuliza nani alikata shauri kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa cha dhati. Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, haikuanza kama kiwanda cha mapenzi; ilichapisha vitabu vya kila namna, na ni wasomaji walioivuta polepole hadi ikabaki kwenye mahaba peke yake. Watu walijua wanachokitaka. Kwamba wengi wao walikuwa wanawake, nadhani hilo linaeleza sehemu kubwa ya dharau, na sehemu kubwa ya kicheko cha ofisini kwangu pia.

Nirudi kwa yule aliyetoka nje kwa kucheka. Mwezi uliopita alikuwa na wiki mbaya, sababu ni zake. Akaja mezani kwangu mchana, akasimama, akazungumza kuhusu wino wa printa kwa muda mrefu kuliko wino unavyostahili, mwisho akauliza kama nina "kimoja cha kupotezea muda". Nikampa kile cha waridi kilichokuwa kwenye droo. Akakizungushia gazeti kabla ya kutoka nacho.

Wiki tatu sasa hajakirudisha. Jana, tukipanga majalada ya kesho, nikamwuliza amefikia wapi. Akasema wamegombana, yule dada amehama mji, jamaa hajui hata anwani yake. Nikatabasamu tu, nikafungua kinywa.

"Koma," akaniambia, kaziba masikio. "Usiniambie mwisho."