Bundi wa darini: yaliyonikuta Mabogini

Mkuu, umeuliza kama umfukuze bundi aliyehamia darini kwako hapo Njiro, maana mama watoto kakataa kulala chumba cha chini yake. Mimi nimekaa naye msimu mzima Mabogini, chini ya Moshi mjini, kwenye stoo ya mpunga.

Kwanza huo mkoromo unaoendelea usiku kucha si mzimu. Ni makinda wanadai chakula. Mzazi wao halii "huu huu". Hupiga ukelele mmoja wa kukwaruza, na siku ya kwanza mimi nilishika panga.

Mmulike tochi umwone: uso mweupe umekaa kama kopa la karata. Uso huo ndio unaokusanya sauti na kuzipeleka masikioni, na sikio moja liko juu kuliko jingine, kwa hiyo panya akitikisa jani gizani tororo anajulikana alipo. Mabawa nayo hutayasikia, kingo za manyoya zina nyuzinyuzi zinazomeza mvumo.

Chini ya boriti nilikuwa naokota vidonge vyeusi, nikadhani kinyesi. Nikaloweka kimoja, nikakipasua kwa kijiti: manyoya na mafuvu matatu ya panya, mazima! Anameza panya bila kutafuna, kisha anatapika mifupa. Hata kiota hajengi, jike hutagia juu ya uchafu huohuo. (Harufu ipo, sikufichi. Tandika turubai.)

Jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza, kama mwezi mmoja, ndiyo maana makinda wanapishana ukubwa kama ngazi. Wakifikisha karibu miezi miwili wanaruka. Subiri watoke wote, ndipo uzibe tundu kwa wavu. Ukiziba leo, wataozea humo.

Na sumu ya panya usiweke kabisa. Panya aliyeila hafi siku hiyohiyo. Anazubaa nje siku kadhaa akivuja damu kwa ndani, bundi anamdaka kirahisi. Mzazi mmoja nilimkuta amekufa chini ya mwembe. Wazee wa mtaa wakasema afadhali, uchuro umeondoka. Makinda wawili wa mwisho hawakufika popote. Sumu aliitega jirani, lakini niliinunua mimi, tukagawana nusu kwa nusu.

Siku hizi stoo ile natega mitego ya chuma tu. Bundi mwingine alikuja mwaka uliofuata, boriti ileile.