Posho na bima kwa wenyeviti wa mitaa: jibu la aliyewahi kuwa mwenyekiti

Mkuu, umeuliza kwa nini wenyeviti wa mitaa na vijiji hapa Tanzania wanadai posho na bima ya afya wakati kazi yenyewe ni ya kujitolea, ya saa mbili tatu kwa wiki. Nakujibu kwa sababu nimeifanya. Nilichaguliwa Desemba 2014, nikamaliza muhula 2019, sikugombea tena. Riziki yangu ni cherehani.

Kazi hiyo haina saa. Anayetaka kumwekea ndugu yake dhamana polisi, anayefungua akaunti benki, kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wote wanaanzia kwa mwenyekiti kuchukua barua ya utambulisho. Meza yangu ya kukatia vitambaa ndiyo iliyokuwa ofisi: muhuri na kidau cha wino upande mmoja, chaki na futi upande wa pili, na ole wangu wino ukigusa satini ya mtu. Bado kuna ugomvi wa mipaka ya viwanja, misiba, mume aliyempiga mkewe usiku wa manane. Mteja akija kupima gauni mara mbili asinikute, anapeleka kitambaa kwa fundi mwingine, na simlaumu.

Sasa sikia jambo lililonifanya niwe na msimamo huu. Mimi na mtendaji wetu wa mtaa tulitoka kusuluhisha mgogoro wa kiwanja, tumepakizana kwenye bodaboda moja, ikateleza kwenye tope. Yeye alichubuka goti, mimi nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali tulipanga foleni dirisha moja. Mtendaji ni mwajiriwa, akatoa kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya: asilimia 3 anakatwa kwenye mshahara, asilimia 3 anachangia mwajiri. Akahudumiwa. Mimi nikaulizwa kama nina fedha taslimu. Picha ya X-ray, plasta, dawa, vyote mfukoni mwangu, kisha wiki kadhaa bila kushona hata kitufe. Tulikuwa kwenye shughuli moja ya serikali, siku moja, pikipiki moja. Niliomba msaada halmashauri, nikaambiwa hakuna kifungu cha matumizi hayo.

Kuna wanaosema fedha za wenyeviti zitoke kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na kwamba utaratibu huo upo. Upo, lakini halmashauri yenye makusanyo madogo hulipa kidogo, au huchelewa, au hailipi kabisa. Madiwani walikuwa na kilio hicho hicho. Posho yao ya mwezi, ambayo kwa miaka ilikuwa shilingi 350,000, ilikuwa inakaa bila kulipwa kwenye halmashauri maskini, mpaka bajeti ya 2021/22 ilipoihamishia Serikali Kuu kwa halmashauri zenye mapato madogo. Kwa nini mwenyekiti, anayeamshwa kabla ya diwani, abaki nyuma?

Na asipolipwa na serikali, atalipwa na wananchi. Hili tuliseme wazi wakuu. Barua inayopaswa kutolewa bure inageuka elfu mbili, elfu tano. Kiwanja kikiuzwa, mwenyekiti anataka asilimia 10 ya bei ndipo asaini. Ni rushwa na siitetei, nimegombana na wenzangu kwa ajili hiyo. Lakini nafasi isiyo na kipato huwavuta wawili: mwenye mali yake tayari, na anayepanga kuitumia kutafuta mali. Mama ntilie mwadilifu anayeujua mtaa nyumba kwa nyumba anaogopa kuchukua fomu, maana watoto watakula nini?

Hoja ya gharama naielewa. Tuna vitongoji zaidi ya 64,000, vijiji zaidi ya 12,000 na mitaa zaidi ya 4,000, kwa hiyo viongozi kama 80,000. Ukimpa kila mmoja 50,000 kwa mwezi, ni bilioni 48 kwa mwaka. Nyingi, na huenda zikahitaji kuanza kwa awamu. Ila angalia bima. Kwa kile kiwango kilichokuwa cha mikoani cha CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, wote 80,000 na familia zao ni bilioni 2.4. Hata kiwango kikipanda mara kadhaa, bado ni sehemu ndogo ya ile ya posho.

Kwa hiyo mimi ningeanza na bima, mwaka huu wa fedha, bila kusubiri mjadala wa posho uishe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kanuni ziwatambue wenyeviti kama kundi ambalo serikali inalichangia, kadi ianze siku ya kiapo na iishe muhula unapoisha. Posho ifuate, ilipwe na Hazina moja kwa moja kwenye akaunti ya mhusika, na anayeipokea akikutwa anauza barua aondolewe. Ukiwa na mkutano wa mtaa wiki hii, Mkuu, muulize diwani wako kama amewahi kulipeleka hili kwenye baraza.