Maswali ya wasomaji: Watu 5 au fomu 100?

SWALI: Ninajitegemea hapa Lubumbashi, kazi yangu ni utafiti wa watumiaji wa programu za simu. Mteja ana programu ya kulipia minerval, yaani ada ya shule. Wazazi wanafika kwenye ukurasa wa malipo, halafu wanaacha. Anataka nisambaze fomu WhatsApp nimletee majibu 100. Nilimwambia kuwaangalia watu 5 wakitumia programu kunatosha, akacheka. Nani ana haki? Na bei niipangeje? (Msomaji, Kamalondo)

JIBU: Haki ni yako, ila hiyo 5 ina masharti. Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumiaji wa programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji, akichukulia kwamba kila mmoja hugundua wastani wa asilimia 31. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya 20 linaweza kukupita. Tena ni 5 kwa kila kundi: mzazi anayelipa na mhasibu wa shule anayepokea ni makundi mawili.

Fomu ni ya kuhesabu, kwa mfano wangapi wanalipa kwa dola na wangapi kwa faranga. Ukimuuliza mzazi kwa nini aliacha, ataandika "rezo mbaya" (mtandao mbaya), basi.

Alika 7 ili upate 5, na shemeji za mteja wabaki nyumbani, watasifu tu. Kila mmoja atumie simu yake na mega zake (bando la intaneti), umrudishie gharama baadaye. Wi-Fi ya ofisi inaficha kasoro: ukurasa unaofunguka mara moja pale unaweza kuganda mtaani Katuba, mzazi akabonyeza tena, kisha akaogopa kwamba amekatwa pesa mara mbili. Pengine ndipo mteja wako anapopoteza watu.

Maneno ya kazi unayompa mshiriki yasifanane na ya kitufe. Ukisema "bonyeza Payer" (Lipa) umeshamwonyesha njia. Sema: "Mtoto amerudishwa nyumbani kwa deni la trimestri ya pili. Fanya unavyofanya siku zote." Halafu nyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Akiuliza "Nibonyeze hapa?", mjibu "Wewe unaonaje?" Dakika 45 kwa mtu, watu 3 kwa siku, wa nne utamsikiliza nusu.

Bei hesabu kwa siku. Kwa kundi moja: siku 2 za kutafuta watu na kujaribu maswali, 2 za vikao, 2 za kuchambua, 1 ya ripoti. Zidisha 7 kwa bei yako ya siku, nauli na mega za washiriki ziandike mstari wa peke yake, na chukua nusu kabla ya kuanza. Kwenye ripoti usiandike "asilimia 60". Andika "watu 3 kati ya 5", mteja asije akazitangaza kama takwimu za mji mzima.

SWALI: Ninaweza kurekodi skrini ya mshiriki?

JIBU: Ndiyo, kwa ruhusa yake ya maandishi. Sheria ya dijitali ya Kongo ya Machi 2023 inalinda data za mtu binafsi. Simamisha kurekodi kabla hajaandika PIN. Programu nyingine huzuia zenyewe, video ikatoka nyeusi. Hapo usikimbilie kupiga filamu vidole vyake kwa simu ya pili, maana PIN itaonekana vilevile. Andika kwa mkono, na video nyingine zifute tarehe mliyokubaliana.