Wenyeji ni nani? Kwa wachambuzi wapya wa ugatuzi

Wiki iliyopita, hapa ofisini Nairobi, nilisoma rasimu tatu za wachambuzi wetu wapya wa ugatuzi, yaani kuhamishia kaunti mamlaka na fedha, na zote zilikuwa na neno lililowahi kuniangusha mimi: "wenyeji". Wenyeji wameafiki, wenyeji wamependekeza. Wadogo zangu, nawapenda, lakini neno hilo lifuteni kabla hamjaniletea rasimu ya nne, na mzingatie mambo haya matatu.

1. Soma Katiba ya Kenya kwanza. Asilimia 15 inayotajwa katika kifungu cha 203 ni kiwango cha chini cha mapato ya serikali ya kitaifa ambacho kaunti zote 47 hugawana, na hukokotolewa kutokana na mapato yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, si makadirio ya mwaka huu.

2. Usihesabu mahudhurio tu, soma majina. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii, nilitumwa kuendesha vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti katika wadi iliyogawanywa na mto, wakulima ng'ambo hii, wafugaji wa jamii nyingine ng'ambo ile. Gari lilikuwa moja na siku zilikuwa mbili, nami nikaitisha kikao kimoja palipokuwa na ukumbi, yaani kwa wakulima, tena siku ya mnada wa mifugo. Karatasi zilijaa sahihi, nikaandika kwamba wenyeji wamechagua zahanati ijengwe karibu na soko, nayo ikajengwa.

Nilirudi kuikagua wakati wa masika, nikazungukia daraja la mbali hadi ng'ambo ya pili. Mzee mmoja mfugaji akaomba nimwonyeshe zile karatasi. Alipitisha kidole jina baada ya jina, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, kisha akanirudishia na kuuliza, "Mwanangu, sisi umetuandika wapi?" Nilikosa la kumjibu. Nyuma yake mto ulikuwa umefurika, na paa jipya la zahanati lilionekana vizuri kutoka pale tuliposimama. Kifungu cha 174 kinasema wazi kwamba ugatuzi unakusudiwa pia kulinda haki za jamii ndogo na zilizotengwa. Mimi nilikuwa nimekikariri kifungu hicho, na bado niliyatoa mamlaka Nairobi nikayakabidhi upande mmoja wa mto. Usiku huo sikulala, na hadi leo, nikiona karatasi ya mahudhurio, natafuta kwanza nani hayumo.

3. Kuhusu ajira, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Dai orodha yenyewe ya walioajiriwa, muhtasari usiupokee.

Rasimu zenu nimezirudisha mezani mwenu. Tukutane Ijumaa saa nne asubuhi, na kila mmoja aje na karatasi zake za mahudhurio pamoja na ramani ya wadi.