Jibu: Zoom haitoshi kwa kazi za vikundi za wanafunzi wa uhandisi

Jambo yenu wote. Ndugu uliyeuliza kama madarasa ya Zoom yatawafanya wanafunzi wako wa uhandisi washirikiane: mimi nasaidia kazi za vitendo za mekanika hapa Lubumbashi, na ningekuambia usianzie huko. Saa moja ya video ya kikundi inaweza kula gigabaiti nzima. Mwanafunzi wa mtaa wa Katuba anayenunua mega (data) za siku atazima kamera, kisha azime na masikio.

Sisi tunatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo kwenye kompyuta na simu. Ni ya bure, ipo tangu 2002, na kuna toleo liitwalo MoodleBox linaloendeshwa na Raspberry Pi, kikompyuta kinachoenea kiganjani. Kinarusha Wi-Fi chenyewe, simu zinaingia bila intaneti, na umeme ukikatika (wa hapa mnanielewa) kinaendelea kwa pawabenki.

Utamu uko kwenye mijadala yake ya aina ya maswali na majibu: mwanafunzi haoni alichoandika mwenzake mpaka aweke jibu lake kwanza. Kunakili kunakuwa kugumu. Niliwapa kenchi ya paa watafute nguvu katika kila chuma, wapige picha hesabu zao na kuambatanisha sauti ya dakika 1 wakieleza walikoanzia. Mmoja aliikata kenchi sehemu mbili akatumia momenti (nguvu ya kuzungusha), mwingine akaenda kiungo kwa kiungo. Chuma kilekile huyu akasema kinavutwa, yule akasema kinasukumwa! Wakabishana mpaka binti mmoja akatuma sauti: "Mushale uliupindula ku mchoro, ku hesabu ukaacha plus." Yaani aligeuza mshale wa nguvu kwenye mchoro, lakini kwenye hesabu hakubadili alama. Kwenye karatasi tupu ningeona jibu baya tu, kwa sauti nilisikia mahali fikra ilipopinda.

WhatsApp nayo inafaa, ila picha ya mchoro itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na vipimo vidogo havisomeki.

Video ya moja kwa moja tunaiweka siku ya kutetea mradi, basi.

Ukiamua kujaribu: darasa likiwa kubwa, Wi-Fi ya kile kikompyuta inaelemewa, kwa hiyo kiunganishe kwa kebo na ruta ya kawaida. Na kadi ya kumbukumbu nunua mbili, ufanye nakala mara kwa mara, maana kikompyuta kikizimika ghafla zinaweza kuharibika pamoja na kazi zote za wanafunzi.