Saa zako, sahihi yake

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama umwoneshe mteja orodha ya saa zako za kazi aziidhinishe kwanza, au umpelekee ankara moja kwa moja. Kabla sijafika huko: hizo saa unaziandika lini? Maana nakujua, kuandika kwako ni mwisho wa mwezi.

Unaukumbuka mwaka ule nikichora ramani ya jengo usiku, nyinyi mmelala chini ya meza. Kazi ile ilikula miezi 3, nikapeleka ankara ya saa 212. Yule wa upande wa mteja aliyekuwa akinipigia simu, badilisha ngazi, sogeza dirisha, alikuwa ameshahamishwa. Aliyekalia kiti chake akauliza jambo moja tu: saa 40 za marekebisho, nani aliagiza? Nikafungua daftari. "Marekebisho, saa 6." "Marekebisho, saa 5." Marekebisho ya nini, kwa agizo la nani, hakuna. Nikazifuta zote 40 kwa kalamu yangu mwenyewe, mbele yake. Hadi leo nikipita jengo lile moyo unachoma, maana ngazi niliichora mara nne, na ilijengwa vilevile nilivyoichora mara ya mwisho.

Ndiyo maana nasema, na nitasema tena: saa isiyoandikwa siku ileile imeshapotea. Mawakili wengi huhesabu kwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya kumi ya saa. Si lazima ufike huko, ila kila mstari uwe na tarehe, kazi, na jina la aliyeagiza.

Turudi kwenye idhini. Ningeiomba kila Ijumaa, yule wa kwanza angetia sahihi akiwa bado anakumbuka. Lakini mteja akishajua ankara haitoki bila yeye, anaweza kuikalia sahihi, na pesa zako akazikalia pia. Baba yako husema haki haiombewi ruhusa. Simkubalii, au namkubalia nusu. Mkataba unaweza kusema asipojibu ndani ya siku 5 za kazi, saa zimekubaliwa. Na akipinga mistari miwili, iliyobaki iingie kwenye ankara bila kuingojea hiyo.

Mteja wako simjui, mkataba wako sijausoma. Uamuzi nakuachia, ingawa ulimi unaniwasha. Nitumie orodha ya wiki hii niisome kwanza. Nataka kuona umeandika nini penye neno "marekebisho".

Mama yako